Kaka Aliyefia Bombani

Fundi bomba akifika nyumbani kwa Bibi Khole binti Musallam, mtaa wa Ghubra, Maskati, haanzi kazi kabla ya kula. Maji yawe yanamwagika jikoni, zulia liwe limeloa, kwanza atanawishwa mikono, atawekewa wali na samaki wa kupaka, na Bibi Khole mwenyewe ataketi mbali kidogo kumhimiza aongeze. Binti yake, Balqees, huzunguka na ndoo na matambara huku akilalamika.

"Mama, maji yamefika sebuleni na fundi yuko kwenye samaki wa pili!"

"Mwache ale. Kazi yao ya hatari hiyo, wewe huijui."

Mafundi wenyewe, wengi wao watu wa Kerala na Bangladesh kutoka karakana za mtaa wa Ghala, waliizoea nyumba hiyo na wakaipenda. Inasemekana waligombana nani aende kila simu ilipopigwa kutoka huko. Mmoja wa hao wa Kerala, Mmalabari mwenye mvi, aliwahi kuulizwa na Bibi Khole, kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja, ni wenzake wangapi wamefia ndani ya mabomba. Yule mzee alicheka, akachomoa kipande cha bomba kwenye mkoba wake, chembamba kama kidole gumba.

"Mama, mtu atakufaje humu?"

Bibi Khole hakucheka. "Ya Ulaya makubwa," alimjibu.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kaka yake, Yaqdhan, alifia bombani huko Uingereza wakati wa vita vya Hitla. Ndivyo familia nzima ilivyojua kwa zaidi ya miaka themanini, na ndivyo watoto na wajukuu wa Bibi Khole walivyofundishwa tangu wadogo, pamoja na majina ya mababu.

Bibi Khole alizaliwa Malindi, mjini Unguja, mtoto wa mwisho wa mfanyabiashara wa karafuu. Yaqdhan alikuwa wa kwanza. Waliozaliwa kati yao walikufa wachanga, kwa hiyo kaka huyu aliyempita kwa miaka mingi ndiye aliyembeba mgongoni na kumfundisha kufunga viatu. Aliondoka kwenda kusoma upimaji wa ardhi Uingereza Khole akiwa na miaka mitano tu, na mtoto wa umri huo hakumbuki mengi. Anakumbuka kwamba meno ya mbele ya kaka yake yalipishana. Anakumbuka kwamba alipiga mluzi ndani ya nyumba ingawa baba yao alikataza. Anakumbuka pia kwamba alimwita "Bi Mkubwa," kwa sababu alipenda kuwaamrisha watu wazima, na kwamba kila alipomwita hivyo aliinama kama mtumishi.

Vita vilipoanza, Yaqdhan aliandika nyumbani kwamba ameacha masomo kwa muda na amepata kazi serikalini. Hakueleza ni kazi gani. Pengine alijua baba yake angesema nini.

Khole alipofika miaka tisa, telegramu ilikuja. Aliyeileta alikuwa karani wa serikali, mtu hodari wa maandishi, na kwa kuwa baba hakujua Kiingereza, karani alisimama ukumbini akaisoma na kuitafsiri neno kwa neno. Kijana wenu amefariki. Amefariki kazini. Alikuwamo ndani ya nini? Hapo karani alisita. Neno lililokuwa mbele yake hakuwahi kulisikia likitamkwa. Mwingereza angelitamka "boma." Yeye alilisoma kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na likamtoka mdomoni neno ambalo kila mtu pale ukumbini alilijua.

"Bomba," alisema. "Amekufa ndani ya bomba."

Baba alimtaka arudie. Akarudia.

Ni rahisi kumlaumu karani huyo leo. Lakini mtu anayepeleka habari ya msiba nyumbani kwa watu hufanya haraka aondoke, na hakuna aliyekuwapo pale aliyekuwa na sababu ya kumsahihisha. Mji ulikuwa na mabomba. Mabomba yaliwekwa na Waingereza. Ikiwa Unguja kuna mabomba ya kiasi kile, basi huko kwao yatakuwa makubwa kiasi cha mtu kuingia na kutambaa.

Baba yao alisema sentensi moja tu: "Nimempeleka mtoto asome, kafa kwenye bomba." Hakulitaja tena jina la mwanawe mpaka alipofariki. Mama aliacha kunywa maji ya mfereji, akawa anachotewa maji ya kisima. Na Khole alikwenda chuoni kusoma Kurani akakuta habari imemtangulia. Palikuwa na mfereji wa mtaa karibu na mlango wa chuo, na wasichana wakubwa waliokuwa wakichota maji walimngoja.

"Khole! Njoo ufungue mfereji, kaka yako atoke!"

"Taratibu, mwanangu, asije akatoka miguu mbele!"

Alimpiga mmoja wao kwa kata ya kuchotea maji, akachapwa na mwalimu, akachapwa tena nyumbani. Lakini kilichobaki moyoni mwake hakikuwa bakora. Siku moja, nyumba ilipotulia baada ya chakula cha mchana, aliuweka mdomo wake kwenye mfereji wa uani akaita, "Kaka!" Maji yalikuwa yamekatika, na ndani ya bomba mlisikika mvumo mrefu. Aliamini kuwa amejibiwa, na kwa muda mrefu hakumwambia mtu.

Miaka ikapita, mapinduzi yakaja, na familia ikaondoka Unguja na nguo ilizovaa. Telegramu ilibaki kwenye nyumba, pamoja na kila kitu kingine. Mwanzoni mwa miaka ya sabini Khole alifika Maskati na mumewe, marehemu Bwana Taimur, aliyepata kazi serikalini wakati nchi ilipokuwa ikiwahitaji waliosoma. Khole mwenyewe alifundisha ushoni katika shule ya wasichana. Alianza na Kiarabu kidogo sana, na wanafunzi walimcheka kila alipowahesabia pima kwa Kiswahili, lakini hakuna aliyecheka alipokagua kazi. Mshono uliokwenda upande aliufumua mbele ya darasa zima, bila hasira, akamrudishia mwenyewe kitambaa na sindano. Wapo wanawake wenye wajukuu leo ambao wakimwona sokoni huficha pindo za mabuibui yao.

Katika miaka hiyo yote kile kifo cha bombani kilibadilika ndani yake. Akiwa mtoto kilikuwa aibu. Alipokua na kusikia masheikh wakieleza thawabu ya kumnywesha mwenye kiu, alianza kukitazama kwa jicho jingine. Kaka yake hakuua mtu. Wakati dunia nzima ikichinjana, yeye alikuwa chini ya ardhi akihakikisha watu wa mji fulani wanapata maji. Je, kuna kifo bora kuliko hicho kwa kijana aliye vitani? Alipowalisha mafundi bomba, aliwalisha kwa niaba yake.

Mwaka jana, akiwa na miaka tisini na kitu na moyo unaochoka, Bibi Khole aliwaita watoto na wajukuu akawaambia anataka kuweka sabili nje ya msikiti ulio karibu na nyumba yake: mashine ya maji baridi, ya kunywa bure, kwa wapita njia na wafanyakazi wa barabarani. Iwe sadaka ya Yaqdhan. Juu yake liwekwe jiwe la marumaru lenye maneno ambayo alikuwa ameyatunga mwenyewe: Yaqdhan bin Musallam, aliyefariki akiwapelekea watu maji.

"Na mfanye upesi," alisema. "Nnataka nimwone mtu akinywa kabla sijafa."

Mjukuu wake Marwan, mtoto wa Balqees, anayeuza magari Wattaya, ndiye aliyelipeleka jiwe kwa mchongaji Ghala. Jiwe lilikuwa bado huko pale Marwan alipopigiwa simu na mwanamke wa Uingereza. Mwanamke huyo na wenzake wanakusanya picha za vijana wa makoloni walioruka vitani na jeshi la anga, na jamaa mmoja wa Unguja alikuwa amempa namba. Alitaka kujua kama Marwan ni katika ukoo wa sajini Yaqdhan bin Musallam.

"Si yeye," Marwan alimjibu kwa adabu. "Wetu alikuwa fundi wa mabomba."

Mwanamke alimtumia picha. Vijana saba wamesimama chini ya ubawa wa ndege, wamevaa makoti mazito ya ngozi. Wa mwisho kushoto anacheka, na meno yake ya mbele yamepishana.

Marwan aliuliza ile ni ndege ya namna gani. Mwanamke alimwambia. Marwan akamwomba arudie, kisha akamwomba aandike, na neno lilipotokea kwenye simu yake, bomber, alilisoma kama karani alivyolisoma.

Jioni hiyo alimkuta mama yake jikoni.

"Mama, bomba si bomba. Ni ndege ya kutupa mabomu."

Balqees aliitazama picha kwa muda mrefu, akiwa na kijiko mkononi. "Ufunge huo mlango," alisema. "Na bibi yako asijue."

"Mama, jiwe litasema uongo. Mbele ya msikiti."

"Jiwe litasema alivyoambiwa. Mwanamke wa miaka tisini, unataka umwambie kaka yake alikuwa akichoma miji? Amemjenga miaka yote hii, wewe unakuja kumbomoa na simu?"

"Na akisikia kwa mtu mwengine?"

"Atasikia wapi? Kwa mafundi wa Ghala?"

Mlango ukafunguliwa. Bibi Khole alikuwa ameshika mkongojo kwa mikono miwili.

"Mnanong'ona nini humu kama wezi wa kuku? Wallahi miguu yangu ndiyo mibovu, masikio nnayo."

Hawakuweza kumficha. Marwan alimkalisha, akampa picha kwanza, kwa sababu hakujua aanze na neno gani. Bibi Khole aliisogeza, akaileta karibu, akaisogeza tena. Akaweka kidole juu ya yule kijana wa mwisho kushoto.

"Huyu anacheka na nani? Mluzi huo, kaka, kama hukupiga basi umekaribia." Kisha akainua macho. "Picha mmeipata wapi?"

Marwan alieleza yote, na alipofika kwenye neno lenyewe alilitamka mara mbili: kama Waingereza wanavyolitamka, na kama karani alivyolisoma. Mabega ya Bibi Khole yakaanza kutikisika, na Balqees akamkimbilia akidhani analia. Alikuwa akicheka.

"Bomba!" alisema, huku akifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ya Rabi! Nimewalisha mafundi wa Maskati nzima!"

Walicheka wote watatu, na kwa dakika chache ilionekana kwamba mambo yatakwisha vizuri. Lakini kicheko cha Bibi Khole kilikatika ghafla.

"Hayo mabomu," aliuliza, "yaliangukia wapi?"

Marwan alisema kwamba ndege ilikuwa ikirudi kutoka mji mmoja wa Ujerumani wenye viwanda ilipopigwa, ikaanguka baharini. Hakuna kaburi. Jina lake limechongwa huko Uingereza, ukutani, pamoja na majina ya maelfu ya wenzake.

"Nnakuuliza mabomu. Chini kulikuwa na watu?"

"Kulikuwa na viwanda, Bibi."

"Viwandani hakuna watu? Karibu na viwanda hakuna majumba?"

Balqees ndiye aliyejaribu kujibu. "Mama, yeye hakuwa akitupa mabomu. Marwan, mwambie. Alikuwa anakaa mkiani na bunduki, analinda wenzake wasipigwe na ndege nyingine. Hakugusa bomu hata moja."

"Na anayesimama mlangoni wakati mwenzake anaiba, tunamwitaje?"

"Mama, ilikuwa vita! Hitla yule!"

"Nnajua Hitla. Sikusema kitu juu ya Hitla." Aliitazama tena picha. "Hapo mkiani alipokaa, palikuwa na nafasi?"

Marwan alimtafutia picha nyingine, ya kibanda cha kioo na chuma kilichobandikwa mwisho wa ndege, ambamo mtu mzima aliingia kwa kujikunja na kukaa saa nyingi peke yake, kwenye baridi kali. Bibi Khole alikitazama na uso wake ukabadilika. Tangu utotoni aliogopa mahali penye kubana. Hakuwahi kupanda lifti, wala hakufunga mlango wa chumba chake, kwa sababu ya bomba lile.

"Kidogo hivi," alisema. "Basi sikukosea sana."

Siku zilizofuata hakumwamrisha mtu, na hilo liliwatia watu wa nyumba hiyo hofu kuliko homa. Alikaa kibarazani na picha mapajani. Siku moja alimwambia Balqees, bila ya kuulizwa: "Baba angejivunia. Sajini, koti la ngozi, angemwonesha kila mtu. Kafa hajui. Na mimi nnajua, na sijui kama nnajivunia." Siku nyingine alisema kwamba watoto wa ule mji wa Ujerumani, waliopona, sasa wana umri wake. Huenda yuko mmoja huko, mwanamke, ameketi kibarazani na picha ya kaka yake mapajani, na kaka wa huyo aliuawa na kaka wa huyu. Alilisema hilo polepole, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

Kumlilia mtu usiyemjua vizuri ni jambo la ajabu. Bibi Khole alimlilia fundi bomba miaka themanini, na fundi huyo hakuwahi kuwapo. Lakini meno yalikuwapo, na mluzi ulikuwapo, na yule kijana aliyeinama na kumwita "Bi Mkubwa" hakuwa uzushi wa karani. Kilichokuwa kigumu kwake si kuacha kumpenda. Kilichokuwa kigumu ni kumpenda bila ya kumsafisha.

Pampu ya juu ya paa iliharibika katika siku hizohizo. Fundi akaja kutoka Ghala, na Balqees akangoja aone. Sinia ikatoka kama kawaida.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hawa si wenzake tena."

"Kwani wameacha kuona njaa?"

Wiki hiyo mchongaji alipiga simu: jiwe tayari, lichukuliwe. Marwan alipendekeza waliweke vilevile lilivyo. Maji ni maji, alisema, na anayekunywa hatafanya uchunguzi. Siku za bibi yake hazikuwa za kuchezewa. Kuchonga upya kungechukua muda, na yeye alikuwa ameomba amwone mtu akinywa. Kwa mara ya kwanza tangu picha ifike, Bibi Khole alipandisha sauti.

"Utasimama mbele ya msikiti uwaambie watu kaka yangu aliwapelekea watu maji? Aliwapelekea moto! Wakimwombea kwa maji, nani atamwombea kwa moto? Hiyo ndiyo dua anayoihitaji, mwanangu. Ile nyengine hana haja nayo."

"Basi tuandike jina lake tu."

"Jina tu ni kuficha pia. Lina upande wa pili jiwe hilo? Mtupu? Basi ligeuzwe. Chukua kalamu."

Alitamka kwa Kiswahili, na Marwan akaandika kwa Kiarabu. Mstari wa kwanza haukumpa tabu: Yaqdhan bin Musallam, aliuawa vitani akiwa kijana, ndani ya ndege ya mabomu. Anayekunywa na amwombee. Kwenye mstari wa pili Marwan aliinua kalamu.

"Bibi, hao wengine hatujui dini yao. Imamu atauliza."

"Nimesema wawaombee? Nimesema wawakumbuke. Kukumbuka kunataka dini? Andika: na awakumbuke waliokuwa chini."

Imamu aliuliza, akaelezwa, akalisoma jiwe mara mbili, akasema hana pingamizi.

Siku sabili ilipofunguliwa, Bibi Khole alipelekwa kwa gari la Marwan, wakaegesha kivulini ng'ambo ya barabara na kuteremsha kioo. Wa kwanza kufika alikuwa mfagiaji wa barabara. Alikunywa, akajaza chupa yake, akaenda zake.

"Kasoma?"

"Hajui Kiarabu, Bibi."

"Kanywa lakini."

"Kanywa."

Baada ya sala ya alasiri walitoka wengi, na miongoni mwao bwana mmoja mwenye kilemba alisimama na kikombe mkononi akitazama jiwe. Aliuliza watu mlangoni, wakamwonesha gari. Akavuka barabara, akatoa salamu.

"Mama, huyu marehemu ni nani wenu?"

Bibi Khole alikaa wima. Swali hilo alilijibu tangu ana miaka tisa, na jibu lake lilikuwa moja siku zote.

"Kaka yangu," alisema. "Alikuwa akikaa mkiani mwa ndege iliyotupa mabomu juu ya watu."

Yule bwana hakuwa amelitarajia jibu la namna hiyo kutoka kwa mwanamke mzee. Alishusha macho, akasema lile linalosemwa, kwamba Mungu amrehemu.

"Amin," alisema Bibi Khole. "Na mstari wa pili umeusoma?"

"Sijaufikia, mama."

"Basi rudi ukausome."

Akarudi.